Gurudumu la Nyuma

Siku ya tisa baada ya kupanda nilipiga magoti katikati ya shamba nikiwa na kisu cha jikoni, nikaanza kuukata udongo kufuata mstari wa mahindi ambayo hayakuwa yameota. Trekta lilikuwa limepita pale na planta, mashine ya kupandia mbegu, ya mistari minne, na mistari ilinyooka kiasi cha kumfanya mtu apige picha, nami nilikuwa nimepiga. Nilipoliinua bonge moja la udongo, limekauka juu na bado bichi chini, niliuona mfuo wenyewe, ule mkato wa kudondoshea mbegu, ukiwa mzima kama diski ya planta ilivyouacha. Kuta zake mbili zilikuwa zimesuguliwa hadi zikang'aa, laini kama tumbo la chungu cha Wakisi kabla hakijaingia motoni, na chini kabisa punje ya hindi ilikuwa imelala katika kijishimo chenye maji. Nilipoiminya ilitoa uji mweupe wenye harufu ya pombe iliyochacha. Hatua mbili mbele nilikuta punje iliyoota, lakini mizizi yake ilishindwa kuzitoboa kuta zile, ikakimbilia mbele na nyuma ndani ya mfuo, imebapa kama unyoya.

Hiyo ilikuwa Desemba 2023, mwanzo wa msimu wa El Niño ambao wakulima wengi wa Tanzania wanaukumbuka kwa maji. Tangu wakati huo nimeulizwa mara nyingi na watu wa Mbarali, wa Mbozi na hata wa Wanging'ombe ni planta ipi inafaa shamba lenye maji, na kila mara muulizaji hutaka nimtajie rangi na jina lililoandikwa ubavuni. Mimi humwambia azunguke nyuma ya mashine. Wengi wetu tunapokwenda kuitazama planta tunainama mbele, tunaigusa diski, tunaulizia chuma chake, kana kwamba kazi ya kupanda ni kufungua udongo. Udongo uliolowa hufunguka hata kwa kidole. Shida yake ni kufunga, na katika planta kazi hiyo imeachiwa kigurudumu kidogo cha mkiani ambacho muuzaji hakitaji asipoulizwa.

Kabla sijafika huko, inafaa nieleze shamba lenyewe, kwa sababu ushauri wa mashine usiotaja udongo ni sawa na dawa isiyotaja ugonjwa. Liko pembezoni mwa Igurusi, chini ya safu ya Uporoto, mahali ambapo maji ya milimani huanza kupunguza mwendo yakielekea bonde la Usangu. Lina eka kumi zinazoshuka taratibu. Eka nne za juu ni tifutifu jekundu lisilo na makuu, ambalo mvua ikikatika asubuhi, jioni unaweza kulikanyaga kwa viatu vya kanisani. Eka tatu za kati ni mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi nyufa za kumeza mkono mzima, na mvua za kwanza zikishanyesha huvimba, hujifunga na kukataa kupitisha maji. Eka tatu za chini ni majaruba ya mpunga, na hizo zina sheria zake. Maafa niliyoyasimulia yalitokea kwenye zile eka tatu za kati, wakati eka za juu, zilizopandwa siku ile ile na mashine ile ile na dereva yule yule, ziliota vizuri hadi zikanitia aibu.

Siku ya kupanda nilijua kwamba udongo haujawa tayari. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, ikaacha siku mbili, na mimi nilikuwa kwenye foleni ya trekta la kukodi kwa wiki tatu. Mwenye trekta alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi akisema amepata nafasi, na kama sitaki leo basi nisubiri hadi baada ya Krismasi. Mzee jirani yangu, ambaye analima upande wa pili wa mfereji, alikuja kutazama, nikamwamkia, akaitikia huku macho yake yakiwa chini. Aliokota kidonge cha udongo, akakiviringisha kati ya viganja mpaka kikawa kamba nyembamba, akaninyoshea.

"Mwanangu, udongo huu unasokotwa. Ukiona unasokotwa, hautaki chuma."

Nilimjibu kwamba nimeshalipa, na kwa kweli jibu hilo ndilo lililonigharimu msimu. Kipimo alichonionyesha mzee hakihitaji maabara. Unachukua udongo wa kina utakachofanyia kazi, si ule wa juu uliokaushwa na jua, na unauviringisha. Ukikatika vipande kabla haujafikia unene wa njiti ya kiberiti, chuma kinaweza kuingia, maana utapasuka na kumeguka. Ukikubali kuwa mwembamba kiasi hicho bila kukatika, basi kila kitakachopita ndani yake, iwe plau, diski au ulimi wa ripa, chuma cha kupasua ardhi bila kuigeuza, kitaupaka kama siagi badala ya kuuvunja. Kilichonidanganya ni kuangalia juu. Mfinyanzi mweusi hukauka sentimita tatu za juu kwa jua la nusu siku, ukapauka na kupendeza, na chini yake ukabaki ugali.

Nilirudishia kwa mikono. Akina mama sita walikuja na kamba yenye mafundo, wakaivuta kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na kutoboa kila baada ya sentimita 30, ambayo ndiyo hesabu ya takriban mimea 18,000 kwa eka. Kiongozi wao alikuwa na namna ya kufunika ambayo sikuitilia maanani siku hiyo: baada ya kudondosha mbegu hakukanyaga juu ya shimo kwa kisigino, bali aliubomoa ukingo wa shimo kwa ncha ya jembe ili udongo uliomeguka uanguke ndani, ndipo akagusa kwa upande wa wayo, kwa upole kama anayezima njiti. Mahindi yake yaliota ndani ya juma moja, katika udongo ule ule. Nilichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba mama yule alikuwa ameifanya kwa mguu kazi ambayo planta yangu ya kukodi ilishindwa.

Hata hivyo, kufunika ni hatua ya mwisho, na mwenye shamba la maji anayeanzia kwenye planta ameanzia mwisho. La kwanza ni kujua maji yanasimama wapi na kwa nini. Nilinunua kipande cha nondo ya milimita 10 chenye urefu wa mita moja na kidogo, fundi akakichonga ncha na kukichomelea mpini wa kushikia juu, na mvua zilipokuwa zimelowesha ardhi vya kutosha nikazunguka nacho shamba zima nikikidunga kila hatua ishirini. Kwenye tifutifu la juu kilizama kama kinaingia kwenye gunia la mchele. Kwenye eka za kati kilizama sentimita 17 au 18, kikagota, na nilipokilalia kwa kifua kikapenya ghafla na kuendelea kwa urahisi. Hapo hapakuwa na mwamba wala changarawe. Ni tabaka gumu tulilolitengeneza sisi wenyewe kwa kulima kina kile kile miaka nenda rudi, na maji ya mvua yalikuwa yamekaa juu yake kama maji ya kwenye sinia.

Tabaka hilo huundwa kwa njia ambayo ni rahisi kuiona ukisimama nyuma ya trekta linalolima. Plau la diski linapogeuza tuta, magurudumu ya upande mmoja hutembea ndani ya mfereji uliokwisha kukatwa, chini kabisa, yakikandamiza sakafu ambayo hakuna kitu kitakachoifikia tena mwaka huo. Maksai nao hawana usafi wowote katika jambo hili, kwa kuwa mmoja wa jozi hutembea ndani ya mfereji huo huo, na kwato yake ni ndogo na uzito wake mkubwa. Tofauti ni kwamba trekta la kati tunalokodi huku lina tani mbili na nusu hadi tatu kabla hujalifunga chochote nyuma, na uzito wa ekseli hushuka chini zaidi kuliko alama ya tairi inayoonekana juu.

Kwa sababu hiyo nililazimika kujifunza upepo wa matairi, somo ambalo madereva wetu hawalipendi. Tairi la nyuma lililojazwa upepo wa PSI 24, kipimo kinachosomwa kwenye geji ya pampu, kwa ajili ya lami huusimamia udongo kwa eneo dogo. Likipunguzwa hadi PSI 14 au karibu na hapo, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji wa tairi husika na uzito linaoubeba, hutanuka na kuugawa mzigo, na udongo wa juu huumia kidogo. Dereva niliyemwomba afanye hivyo alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akaniuliza nani atamjazia upepo wa kurudi nao mjini kilomita kumi na mbili za lami. Alikuwa na haki. Siku hizi tunakubaliana mapema, ninakuwa na pampu, na malipo ya muda huo yapo ndani ya bei. Upepo, hata hivyo, huokoa tabaka la juu tu. Kwa tabaka la chini dawa ni uzito mdogo, au kupita njia ile ile kila unaporudi, kwa maana gurudumu la kwanza ndilo linalofanya sehemu kubwa ya madhara na la pili hulikuta jambo limeshaharibika.

Lile tabaka lililopo nililivunja kwa ripa mwishoni mwa Septemba, ardhi ikiwa kavu kabisa. Nasisitiza ukavu, kwa kuwa nimewaona watu wakikodi ripa mvua zikiwa zimeanza, wakitegemea kwamba udongo laini utapitika kwa urahisi. Utapitika, naam, kama kisu kinavyopita kwenye sabuni, na nyuma yake utajifunga bila ufa hata mmoja. Ripa hufanya kazi kwa kupasua, na kinachopasuka ni kikavu. Tatizo la mkulima wa maksai ni kwamba Septemba na Oktoba ndiyo miezi ambayo ng'ombe wamekonda na majani hakuna. Ripa ya aina ya Magoye, iliyotoka Zambia na kusambaa hadi huku, ni nyepesi na inaweza kuvutwa na jozi iliyolishwa vizuri, lakini jozi iliyoshinda kiangazi kwa mabua ya jirani haitaifikisha kwenye sentimita 20. Mimi nilikodi trekta kwa kazi hiyo moja, nikalipeleka kina cha sentimita 30 kwa mistari ya 75, na sikuligusa plau la diski kwenye eka zile tena.

Kuna wanaosema kwamba sikupaswa kugusa chochote, kwamba kilimo hifadhi ni kuacha ardhi peke yake na kupanda juu ya mabaki. Ninaheshimu hoja hiyo na ninajua ilikotoka. Herbert Bartz, mkulima wa Rolândia katika jimbo la Paraná nchini Brazili, alianza kupanda bila kulima mwaka 1972 baada ya kuona mvua zikiuchukua udongo wake, na alichokianza pale kimeenea kwenye mamilioni ya hekta. Lakini udongo mwekundu wa Paraná hupitisha maji, na juu yake huachwa blanketi nene la mabua. Usangu ng'ombe hula mabua yote kabla ya Agosti, kwa desturi ambayo ni ya zamani kuliko hati yangu ya shamba, na sina nia ya kugombana na wafugaji kwa ajili ya nadharia. Bila blanketi, juu ya mfinyanzi wenye sinia chini yake, kutolima hakukunipa chochote isipokuwa dimbwi lililotulia.

Hivyo, kwenye eka za kati ninatumia matuta. Wenyeji wa mikoa yetu walifika kwenye jibu hilo zamani sana bila kuhudhuria semina. Wahehe na Wabena hulima vinyungu mabondeni Iringa na Njombe kwa kuchimba mitaro na kuinua vitanda juu ya maji, wakavuna mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi, nao Wamatengo wa Mbinga wana ngoro, mashimo yaliyopangwa kama vyumba vya sega kwenye miteremko, yanayoyapokea maji ya mvua na kuyaachia taratibu badala ya kuyaacha yakimbie na udongo. Matuta yangu ni ya unyenyekevu zaidi: yanainuka sentimita 25, yanafuata mteremko kwa upole hadi kwenye mtaro wa pembeni, na yanatengenezwa Oktoba, ili mvua ya kwanza iyakute tayari. Tuta hukauka siku mbili tatu kabla ya ardhi ya sesa, yaani isiyo na matuta, na kwenye msimu wa maji siku mbili ndizo zinazotofautisha kupanda na kusubiri. Ikumbukwe kwamba hindi changa linaweza kuvumilia kuzama majini siku 2 hadi 4 tu, na pungufu ya hapo kukiwa na joto, kwa kuwa mizizi inakosa hewa. Linalonusurika hubaki la njano kwa majuma, kwani nayo naitrojeni ya mbolea imeshageuka hewa na kutoweka katika udongo uliokosa oksijeni.

Sasa niifikie planta. Kwanza zitofautishwe mbili ambazo hapa huitwa kwa jina moja. Ipo ile inayomwaga mbegu mfululizo katika mistari ya karibu, sentimita 15 hadi 20, ambayo ni ya ngano na mpunga, na ipo ile inayodondosha punje moja moja kwa nafasi, ambayo ni ya mahindi, alizeti na maharage. Ya kwanza ndiyo mama wa zote. Mwingereza Jethro Tull aliijenga ya kuvutwa na farasi mwaka 1701, huku akiamini kwamba mimea hula chembe ndogo ndogo za udongo, imani ambayo ilikuwa na makosa, ingawa mashine yenyewe ilikuwa sahihi. Jambo hilo hunifariji ninapokumbuka nadharia zangu mwenyewe.

Kinachofungua udongo huwa ni diski au ulimi. Diski hukata, na penye mabua mengi makavu ndiyo bora. Mabua yakilowa, hata hivyo, diski huyakunja na kuyasukuma ndani ya mfuo, mbegu ikakaa juu ya majani badala ya kukaa juu ya udongo, na kwenye mfinyanzi mbichi husugua kuta kama nilivyosimulia. Ulimi huinua na kumegua, hautengenezi kuta laini kiasi hicho, lakini hukusanya takataka na kuzivuta kama reki. Kwa Uingereza au Brazili, ambako mabaki ni mengi, mjadala huo ni mgumu. Kwangu mimi, ambaye ng'ombe wameshanisafishia shamba, ulimi mwembamba wenye ncha ya kubadilishwa unashinda bila ubishi, na ndio niliouchagua katika planta ya mistari miwili ambayo tumeinunua kwa ushirika wa watu watatu.

Baada ya hapo tazama gurudumu linalozungusha sahani ya mbegu. Katika planta nyingi za bei yetu, sahani huzungushwa na gurudumu linaloburuzwa ardhini, kwa mnyororo. Penye tope gurudumu hilo hujaa udongo, huteleza bila kuzunguka, na mbegu hazidondoki ingawa mashine inakwenda na dereva anapiga mluzi. Pengo la mita nne shambani kwangu halikuwa la kunguru wala panya, lilikuwa la gurudumu lililolala. Tafuta gurudumu lenye meno ya chuma au mpira mnene wenye mifereji, lenye kikwangulio cha kuondoa tope, na mtu mmoja atembee nyuma akilitazama hilo tu. Planta ikienda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, kilomita 4 hadi 5 kwa saa, mtu huyo hatachoka, na ukiona amelazimika kukimbia ujue dereva analipwa kwa eka.

Kuhusu mbolea nitasema kifupi. Mbolea hunyonya unyevu wa hewa na kuganda kwenye bomba, kwa hiyo sanduku lijazwe kidogo kidogo na lisilale na mbolea usiku. Kina cha mbegu kwenye udongo mbichi ni sentimita 4, ukikauka 5 au 6.

Ndipo ufike nyuma. Planta yetu ilikuja na magurudumu mawili ya mpira yaliyoinamiana mfano wa herufi V, yanayoubana mfuo kutoka pande zote mbili. Kwenye tifutifu la juu hufanya kazi nzuri. Kwenye mfinyanzi hubana kuta zilizokwisha kusuguliwa zikagusana bila kushikana, na jua la siku tatu likiwaka mfuo hufunguka tena kama mdomo wa mtu aliyesinzia. Nilimkumbuka mama yule na ncha ya jembe lake. Kilichohitajika ni kitu cha kuubomoa ukingo. Huko nje magurudumu ya namna hiyo yapo, yana meno pembeni, lakini bei yake pamoja na usafiri ilinifanya niende kwa fundi wa kuchomelea pale njia panda.

Tulikaa naye siku mbili. Aliondoa gurudumu moja la mpira kwa kila mstari, akakata pete kutoka kwenye rimu kuukuu, akachomelea vipande vya nondo kuizunguka kama miale ya jua katika mchoro wa mtoto. Tulipojaribu nyuma ya nyumba yake, meno yalikuwa marefu mno, yakachimbua mbegu na kuzirusha juu, nao kuku wake wakatufuata mstari mzima wakiokota moja moja. Fundi hakucheka.

"Kaka, mbegu iko chini kiasi gani?"

Nikamwambia sentimita nne. Akachukua chaki, akaweka alama sentimita tatu kutoka kwenye pete, akayakata yote kwa msumeno wa umeme, na kuyapindisha kidogo kuelekea nyuma ili yasiinue. Tulipojaribu tena, ukingo wa mfuo ulimeguka vipande vya ukubwa wa karanga, ukaanguka juu ya mbegu, na gurudumu la mpira lililobaki upande wa pili likagusa kwa wepesi. Aliniomba niingie ndani ya mfuo na kisu changu. Mbegu ilikuwa imefunikwa pande zote, na nilipotafuta ukuta sikuuona.

Gurudumu hilo la meno halifai kila mahali. Kwenye eka za juu, udongo ukiwa umeelekea kukauka, linaacha hewa nyingi kuizunguka mbegu na kuinyima unyevu, kwa hiyo huko tunarudisha la mpira. Ni bolti moja na dakika tano kwa kila mstari, na kijana anayeendesha pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono, sasa anabadilisha bila kuambiwa anapovuka ule mpaka ambao udongo mwekundu unageuka mweusi.

Nimeitaja pawatila, na lazima niseme neno juu yake, kwa kuwa tangu enzi za Kilimo Kwanza, kaulimbiu iliyozinduliwa mwaka 2009, mashine hizo zilikuja huku kwa wingi, zikasifiwa na kulaumiwa kwa mambo ambayo si yake. Katika majaruba pawatila yenye magurudumu ya chuma haina mpinzani. Kuvuruga jaruba maana yake ni kuliharibu kwa makusudi umbile la udongo, kuziba vinyweleo vyote na kutengeneza sakafu isiyovuja, yaani kile kile ambacho hatua ishirini juu yake ni maradhi. Makosa yangu ya miaka ya mwanzo yalikuwa kutumia desturi moja pande zote: rotaveta, visu vinavyozunguka vya kusaga udongo, ile ile iliyotoka kuvuruga jaruba ilipandishwa kwenye eka za kati ikausaga mfinyanzi uji, nami nikaona udongo laini nikadhani nimefanikiwa. Sasa rotaveta haivuki mfereji. Ikipanda juu, pawatila hufungwa planta ya mistari miwili na matairi ya mpira, na kwa uzito wake usiofikia hata robo ya trekta inaingia shambani siku ambazo trekta lingeacha makaburi.

Kwenye mpunga wenyewe nilijaribu kupanda kwa planta msimu mmoja, nikaacha. Mbegu ya mpunga inaweza kuanza kuota penye oksijeni kidogo kuliko hindi, ila hutoa kichipukizi kirefu chembamba na kuchelewesha mizizi, na ikizidi sentimita 3 ndani ya tope haionekani tena. Anayeweza kusawazisha jaruba kama meza na kuyatoa maji anapotaka, apande kwa planta na ataokoa nguvu kazi nyingi. Jaruba langu lina kichuguu upande mmoja na maji hufika kwa zamu ya skimu ya umwagiliaji, si kwa matakwa yangu, hivyo nimebaki na kupandikiza miche michanga kwa mtindo wa shadidi, sentimita 25 kwa 25, na sioni haya.

Msimu uliofuata, eka za kati ziliota kwa usawa kiasi kwamba mzee jirani alivuka mfereji kuja kukagua. Alitembea mistari mitatu, akachimba na fimbo yake penye pengo moja, akapata mdudu, akaridhika. Kisha akaniongoza hadi kwenye kona ya chini, nusu eka hivi, ambayo sikuwa nimemwonyesha, ambako mtaro wangu unakutana na chemchemi ndogo na maji hayaondoki hata ufanyeje. Huko nilikuwa nimepasua, nimeinua matuta, nimepanda kwa gurudumu la meno, na mahindi yalikuwa ya njano na urefu wa kiatu. Aliniuliza hiyo kona nimeipigia nondo mara ngapi, nikamwambia mara nyingi, na haigoti popote.

Mwaka huu kona ile nimeipanda magimbi.